Uso wa Mwanamke wa Kati

Jumatatu, 24 Februari 1992

Wamenipa Jedo. Ofisi ya mji imeniita asubuhi na kuniambia nitengeneze ile chemchemi tunayoiita Jedo, kwenye rompwe, ule mzunguko wa barabara katikati ya mji, maana mwezi wa saba nchi inatimiza miaka thelathini ya uhuru na wakubwa wanataka maji yaruke.

Ningefurahi kama nisingeenda kuiona kwa karibu. Kila siku napita pale kwa basi kutoka Nyamirambo na sikujua. Wanawake watatu wa jiwe jeusi la volkano, kila mmoja na mtungi wake, na maji yalikuwa yanatoka kwenye mitungi yanaanguka kwenye beseni. Mzee Rugamba aliwachonga mwaka wa 1964, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa beseni limejaa maganda ya miwa na chupa. Mwanamke wa kushoto hana mkono. Na wote watatu wamepakwa rangi ya kijani, ya mafuta, ile ya milango. Nani anapaka jiwe rangi ya mlango? Nikimjua nitampaka yeye.

Enjenia wa ofisi, Bwana Nsengiyumva, alinitazama kutoka kwenye viatu mpaka kwenye mtandio. "Mwanamke atapanda ngazi kweli?"

Nikamwambia, "Ngazi haijawahi kuniuliza."

Viateur, fundi mwenzangu, akacheka sana. Nitafanya naye. Tumefanya kazi pamoja miaka kumi, mawe ya makaburi na ngazi za makanisa, na hakuna mtu ninayemwamini zaidi upande wa pili wa jiwe zito. Mama yake, Daphrose, anauza maharage sokoni kwetu na ananiita binti yake.

27 Februari

Mvua. Turubai limechanika. Hakuna kilichofanyika.

3 Machi

Nimekwenda Kagugu kumwona Mzee Rugamba. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika tindo, wakati watu wote walisema msichana wa Kiislamu anataka nini na sanamu. Nilidhani ataruka kwa furaha. Alikuwa anapalilia viazi, hakusimama hata.

"Njoo uone, Mzee. Nahitaji macho yako."

"Wewe iko na macho yako."

"Ni kazi yako ile!"

"Ilikuwa kazi yangu."

Najua sababu. Vita vilipoanza mwaka wa tisini askari walikuja kumchukua, wakasema ni icyitso, mshirika wa adui. Alirudi miezi mingi baadaye akiwa hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Tangu hapo hafiki mjini. Najua, lakini nilishuka ule mlima nimekasirika. Hakuuliza lolote isipokuwa moja: "Wote watatu bado wamesimama?"

6 Machi

Mfungo umeanza jana. Kusugua rangi ya mafuta kwa brashi ya waya na huruhusiwi kunywa maji, huku umezungukwa na beseni la maji ya mvua! Viateur anakunywa akinigeuzia mgongo, kwa adabu.

Leo uso wa mwanamke wa kati umetoka. Nimekaa juu ya jukwaa nikasahau kushuka. Yeye ni mrefu kuliko wenzake, shingo ndefu, pua nyembamba iliyonyooka, mdomo umefungwa kama mtu aliyekatazwa kucheka na anakaribia kushindwa. Jiwe la volkano lina matundu, halipendi uso. Mzee aliyatumia yale matundu kama ngozi. Sijui alifanyaje.

"Mzuri huyu," nikasema.

Viateur akamwangalia sana. "Anajivuna," akasema.

9 Machi

Dada yangu anayekaa Gahanga amekuja na watoto wake wote. Anasema tangu wiki iliyopita upande wa Bugesera kuna moshi, na watu wanapita barabarani na magodoro kichwani, wengine wana damu. Nyumba za kabila moja tu zinachomwa, na wanaochoma ni majirani.

Kazini nikamweleza Viateur. Aliendelea kukoroga chokaa.

"Hao walianza wenyewe," akasema.

"Nani alianza? Mtoto wa miaka miwili aliyebebwa na bibi yake ndiye alianza?"

"Dada, wewe hujui mambo haya. Husikilizi redio."

Nilipiga jiwe siku nzima. Nimevunja tindo mbili.

15 Machi

Mvua, mvua, mvua. Chokaa haikauki.

23 Machi

Mkono mpya wa mwanamke wa kushoto umekwisha, isipokuwa kidole gumba. Jiwe zuri liko Ruhengeri na barabara ya huko ni ya wanajeshi, kwa hiyo nimetumia jiwe la kusagia la marehemu bibi yangu. Mama amenilaani kwa Kiswahili, kwa Kinyarwanda, na kidogo kwa Kiarabu.

Enjenia alikuja na suti yake ya kijivu. Anasema nachelewa. Nikamwonyesha mbingu kwa kidole. Akaitazama kama vile angetaka kuiandikia barua.

30 Machi

Leo walikuja vijana wa chama tawala, wametoka kwenye mkutano wao, wanaimba, na kofia zao. Wakaizunguka Jedo. Mmoja akapanda kwenye ukingo na viatu vyenye matope, nimesugua ule ukingo kwa magoti yangu!

Akamwonyesha mwanamke wa kulia, yule mfupi, mnene, mwenye mashavu. "Huyu ni mama yetu. Mama wa wananchi." Wakampigia makofi. Halafu akamwonyesha wa kati. "Na huyu? Oneni pua. Oneni shingo. Huyu ni malkia wao. Anafanya nini katikati ya mji wetu, na mama yetu amewekwa pembeni?"

Nikapaza sauti: "Shuka hapo!"

Wakacheka. Nilimgeukia Viateur aseme neno, yeye mwanaume, yeye wanamjua. Alikuwa anafunga kamba ya jukwaa. Kamba ile ilikuwa imefungwa tangu asubuhi.

4 Aprili, Idi

Viateur na mama yake walikuja kula pilau kwetu kama kila mwaka. Yeye alikuja na kofia ya chama kichwani. Daphrose alimvua mlangoni bila kusema kitu, akaiweka chini ya kikapu chake. Ni mwanamke mrefu, ameinama kidogo siku hizi. Alimsifu mama yangu kwa nyama. Hatukuzungumza habari ya kazi.

10 Aprili

Enjenia amenikuta juu ya ngazi. Hakupaza sauti, na hilo lilinitisha.

"Saidati. Yule wa kati. Utampunguza pua."

"Nitampunguza nini?"

"Pua. Na uso uwe mpana kidogo. Kuna watu juu yangu wamesema. Wakija kufungua chemchemi hawataki kelele."

"Bwana Enjenia, hii si kucha ya kukatwa. Jiwe halirudi."

"Ndiyo maana nimekuambia wewe, maana wewe unajua kukata vizuri. Wengine watatumia nyundo."

Nikamwambia atafute hao wengine. Nikamwambia na mengine ambayo siyaandiki. Aliondoka polepole, anakwepa madimbwi. Mwoga mwenye tai. Hata kusema uovu wake kwa sauti hawezi.

Viateur alisikia yote. "Ni pua tu, dada. Pitisha msasa, sisi wote tuendelee na kazi."

"Pua tu?"

"Ni jiwe!"

"Kama ni jiwe, linawakera nini?"

Akatupa mwiko kwenye ndoo akaenda. Sisi ambao hatujawahi kugombana hata kwa sababu ya chumvi.

13 Aprili

Nimerudi Kagugu. Nilimweleza Mzee kila kitu, nikamwambia aje mjini, asimame mbele yao, aseme mimi ndiye niliyechonga.

"Waache wavunje," akasema. "Lile ni jiwe. Mimi niko na mbavu."

Nilimwambia ni mwoga. Ndiyo, nilimwambia mwalimu wangu neno hilo, ndani ya nyumba yake. Hakukasirika. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, kikavu.

"Malkia wao, wamesema? Unajua yule mnene waliyempigia makofi ni nani? Spès. Mke wangu, Mungu amrehemu. Na shangazi zake wawili wameuawa kwa sababu ya kabila waliloandikiwa kwenye kitambulisho, kabila la hao wanaowaita wao. Huyo ndiye mama wa wananchi."

"Na wa kati?"

Aliinuka akafunga mlango. Halafu akasema ni Daphrose. Mama Viateur. Mke wa fundi wa migodi, na yeye mwenyewe Mhutu kama hao vijana, baba na mama, babu na bibi. Walikuwa jirani wakati ule, akaja kumsindikiza Spès, na Mzee akaomba naye asimame achongwe. Bega lilikuwa wazi. Mume wake alikuwa Katanga migodini na angemuua, hivyo Mzee na Spès waliapa hawatamwambia mtu. Mume alikufa zamani, lakini kiapo hakikufa.

"Na wewe hutasema," akaniambia.

Nilitembea mpaka Kacyiru kabla ya kukumbuka kwamba kuna mabasi.

19 Aprili

Pasaka yao. Mvua ya mawe imetoboa turubai jipya.

24 Aprili

Nimesema. Nimemwambia Viateur.

Amesikia kwamba Jumapili baada ya mkutano vijana watakuja na nyundo, na yeye ameombwa awaonyeshe pa kupiga ili jiwe lisianguke lote juu yao. Aliniambia mwenyewe, kama mtu anayekuomba umkataze. Basi nikamkataza. Nilimwambia, huyo ni mama yako. Nikamwambia nani alisema, na kwa nini alificha, na lile bega.

Uso wake ulibadilika rangi. Akapanda jukwaani, akamtazama mwanamke wa kati kwa karibu, karibu kama pumzi. Niliona ameona. Mdomo ule ule uko kwenye uso wake mwenyewe.

Aliposhuka akasema, "Uongo wa yule mzee."

"Viateur, umeona."

"Nimesema ni uongo!" Na akatazama nyuma yake, kuona kama kuna mtu aliyesikia.

26 Aprili, Jumapili

Sijabadilisha hata nguo zilizolowa, naandika kwanza.

Nilikwenda mapema nikakaa kwenye ukingo wa beseni. Nilidhani wakimkuta mwanamke amekaa wataona aibu. Ujinga wangu. Walikuja baada ya saa nane, manyunyu yakianguka, labda vijana hamsini, wengine ni watoto wa sokoni ninaowajua kwa majina. Viateur alikuwa mbele, na kofia yake.

Nikasimama. "Viateur, twende nyumbani."

Mmoja akauliza, "Huyu ni nani kwako?"

"Si mtu," akasema.

Miaka kumi. Nimemshikia kichwa alipokuwa na malaria. Si mtu.

Wawili walinikamata mikono wakanisogeza pembeni, bila kunipiga, kama unavyosogeza kiti. Wakampa Viateur nyundo kubwa, ile ya kuvunjia msingi, wakaanza kuimba jina lake. Alipanda. Aliposimama mbele ya ule uso alikaa kidogo, na nikasema moyoni, sasa atashuka. Nikapiga kelele, "Usifanye!" Na nilitaka kuongeza kwa nini usifanye, mbele yao wote, nimtoboe kwa jina la mama yake. Sikuongeza. Wangekwenda mpaka kwa Daphrose, au wangemgeukia yeye. Nilifunga mdomo nikajichukia.

Wakaimba kwa nguvu zaidi. Akapiga.

Pigo la kwanza lilikuwa la mtu asiyejua kazi. Nyundo iliteleza kwenye paji la uso. Wakacheka. Na nadhani ni kile kicheko kilichomsukuma. La pili alilipiga kama fundi, kutoka pembeni, pale ambapo mimi mwenyewe ningepiga, na pua, mdomo na nusu ya shavu vikatoka mara moja vikaanguka kwenye beseni.

Walipiga makofi. Baadaye mvua kubwa ikashuka wakakimbia kujikinga, wakaniacha. Viateur alikimbia nao.

Mungu anisamehe, nilimwombea mabaya kwa sauti pale barabarani, na teksi zinapita.

27 Aprili

Nilipofika asubuhi kulikuwa na mtu ndani ya beseni. Enjenia Nsengiyumva, suruali imekunjwa mpaka magotini, anapapasa kwenye maji machafu na kuokota vipande. Alikuwa ameshavipanga kwenye koti lake la suti ukingoni.

Nilisubiri aseme kitu. "Pua sijaiona," akasema.

Tukatafuta pamoja mpaka watu wa ofisini wakaanza kupita, akavaa viatu. Pua haipo. Imekuwa changarawe. Hivi vipande haviungiki.

"Nitakupa saruji," akasema. "Weka uso wowote."

"Uso wowote sijui kuuchonga."

Hakugombana nami. Bado ni mwoga. Lakini aliingia majini.

28 Aprili

Daphrose amejua. Viateur mwenyewe alimwambia, au alimuuliza, sijui. Daphrose ametupa godoro na nguo za mwanawe nje barabarani, zinanyeshewa, na mtaa wote unatazama.

Nilikwenda kumpa pole. Alinifungulia mlango nusu.

"Nani alikutuma kuuza jina langu?"

"Mama, nilitaka kumzuia."

"Miaka yote hii nimepita pale na kikapu nikijitazama, peke yangu, bila mtu kujua. Kilikuwa kitu changu kimoja. Wewe umekitoa. Na yeye amekivunja. Nyinyi wawili nendeni."

Akafunga. Hata yeye sinaye tena.

5 Mei

Nimechanganya saruji. Nimeimwaga.

11 Mei

Nilikuwa nasafisha bomba la chini niliposikia mtu anagonga ngazi. Daphrose. Amevaa kitenge chake cha kanisani. Akageuza ndoo, akaifuta, akaikalia chini ya turubai, katikati ya rompwe, magari yakizunguka.

"Nichonge," akasema.

"Mama, jiwe lililobaki ni kidogo. Uso ule wa zamani ulikuwa mbele, umekwenda. Naweza tu kuingia ndani zaidi. Mashavu yatakuwa yamebonyea. Macho yatakuwa ndani."

"Na yangu yako wapi?"

Nikamtazama vizuri. Mashavu yamebonyea. Macho yako ndani. Mifupa ya juu imetoka, na pua, kadiri nyama ilivyopungua, imekuwa nyembamba zaidi.

"Watarudi wavunje tena," nikasema.

"Safari hii nitakuwa nimekaa hapa. Wamuulize yule mwanangu hii pua ni ya kabila gani." Akaweka mikono kwenye magoti. "Anza. Maharage yangu yanalindwa na jirani, naye ni mwizi."

14 Mei

Paji la uso. Mvua nyepesi.

19 Mei

Macho. Yeye hanyamazi, anatukana madereva. Watu wanasimama kutazama, wanamtazama yeye, wanatazama juu, wananyamaza. Wanawake wa sokoni wanakuja kwa zamu wakijifanya wana safari. Vijana wawili wa chama walisimama upande wa pili wa barabara wakanong'onezana. Mmoja alikuwa anamwita Daphrose shangazi tangu utotoni. Wakaondoka.

22 Mei

Viateur amekuja. Amekonda, hana kofia. Alisimama nje ya kamba.

"Mama."

Daphrose hakugeuza shingo. Nilikuwa kwenye mdomo, na alijua akisogea nitaharibu.

"Mama, nisikilize."

"Niko kazini," akasema bila kufungua meno.

Alisubiri. Mimi nilipiga jiwe taratibu, moja, moja, na kila pigo alikuwa anashtuka. Alipoondoka nilidhani nitasikia nafuu. Sikuisikia. Hasira yangu ni ile ile, ila imechoka kidogo. Machozi ya Daphrose yalishuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, kwa sababu ya kazi.

30 Mei

Sijaona wingu tangu juzi.

4 Juni

Tumefungua maji kujaribu. Yametoka mekundu, halafu meusi, halafu safi, kutoka mitungi yote mitatu. Enjenia alizunguka mara mbili akasimama mbele ya mwanamke wa kati: mwili wa msichana, bega wazi, na uso wa mwanamke mzee ambaye bado anakataa kucheka.

"Hivi sivyo ilivyokuwa," akasema.

"Ilivyokuwa imevunjwa."

Akafikiri. "Juu wakiniuliza, nitasema imekarabatiwa." Akaondoka haraka kabla ujasiri haujamwisha.

8 Juni

Leo Mzee Rugamba alishuka kutoka Kagugu. Kwa basi, mchana, na koti lake la zamani. Nilimwona anavuka barabara kwa mwendo wa mtu anayetembea juu ya barafu, anatazama kila kofia inayopita. Nilisahau maneno yote niliyokuwa nimemwekea.

Alimwangalia Spès kwanza, sana. Akaugusa ule mkono mpya wa mwanamke wa kushoto. Kisha akaja kwa wa kati. Daphrose alikuwa amekaa kwenye ukingo na kikapu chake. Wakasalimiana kwa macho tu, kama watu waliokutana jana. Mimi nilisimama nikisubiri neno. Miezi yote hii ya mvua, tusi, na nyundo, ninasubiri neno moja la mwalimu wangu.

"Sikio la kushoto limekaa chini," akasema.

Damu ilinipanda kichwani. "Sikio! Mzee, unajua nimepitia nini hapa? Ulikuwa unapalilia viazi, na sasa unaniletea habari ya sikio?"

"Limekaa chini," akasema tena, na akanyoosha mkono. "Lete tindo ndogo."

Alivua koti. Vijana watatu walikuwa wamesimama kwenye kona ya benki, nao wakamwona. Mmoja akamwita kwa lile neno, icyitso, kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo. Mzee alikuwa ameshashika ngazi. Hakugeuka. Alipanda hatua moja, akapumzika kwa sababu ya ule ubavu wake, akapanda nyingine, mpaka akafika, akapuliza vumbi, akaanza kupiga, taratibu, mbele ya mji mzima.

Nilishika ngazi kwa mkono mmoja. Nyundo ilikuwa kwenye mkono wa pili, nikawatazama wale vijana mpaka alipomaliza.